Jibu: Mnashangilia nini kuifunga timu ya daraja la chini?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini tunafurahi hivi timu yetu ya Namungo kuishindilia magoli timu ya daraja la chini kwenye Kombe la FA. Mimi ni wa hapa Ruangwa na jana nilikuwa Uwanja wa Majaliwa. Tunashangilia, na tuna haki.

Kombe ni mtoano. Timu ndogo ikipaki basi, yaani wote wakirudi nyuma kulinda goli, hadi dakika ya 80, presha yote inahamia kwako, halafu mnaenda matuta (mikwaju ya penalti), na matuta hayajali nani yuko Ligi Kuu. Jana hatukuwapa nafasi hiyo. Kilichonigusa zaidi ni baada ya bao la nne: mshambuliaji wetu aliokota mpira wavuni, akaubana kwapani na kukimbia nao kati. Hakumdhihaki kipa wao, kijana mdogo ambaye kwa kweli aliokoa mengi. Kumheshimu mpinzani ni kucheza naye hadi filimbi ya mwisho.

Tena kombe hili limetufikisha mbali. Mwaka 2020 Simba walitufunga 2-1 fainali pale Sumbawanga, lakini kwa kuwa walishabeba na ligi na kupata nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, sisi tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika na kuingia makundi. Timu ya Ruangwa! Huko hatukuambulia pointi hata moja, iliuma, ila tulifika.

Kuhusu beki wetu wa kushoto uliyemlalamikia, uko sahihi, anapanda anaacha shimo nyuma. Kocha asiporekebisha, raundi ijayo tutaadhibiwa.