Injini Imegoma Kukutana na Giaboksi

SWALI: Nina Land Rover 109 ya Series III, ya petroli, ninayobebea mazao. Klachi ilikuwa ikiteleza mlimani, kwa hiyo tuliinyanyua injini kwa winchi ya cheni, tukaiacha giaboksi mahali pake, kisha tukafunga klachi pleti na presha pleti inayoibana, zote mpya. Leo ni siku ya pili tunahangaika kuirudisha injini, na kila mara inabaki nafasi ya kama sentimita 2. Fundi anataka kutia nati na kuzikaza ili zivute. Je, nimruhusu? — Msomaji, Kilosa.

JIBU: Usimruhusu. Kazi ya nati hizo ni kushikilia vyuma vilivyokwisha kukutana. Ukizikaza wakati nafasi ingali wazi, nguvu yote itaishia kwenye kitovu cha klachi pleti, nacho kitapinda kiasi kidogo ambacho jicho halioni, lakini siku ya kwanza barabarani gia zitakwaruza kwa kuwa klachi haiachii sawasawa. Kama si hivyo, litakatika sikio la belihauzi, yaani ganda la mbele la giaboksi linalofunika klachi, ambayo ni ya aluminiamu. Mimi mwenyewe nilikata moja nilipokuwa mwanagenzi, nikalipia kuchomelewa kwake kwa ujira wa wiki nzima.

Kwanza tafuteni mahali palipokwama. Toeni plagi zote 4 ili injini izunguke kwa wepesi, wekeni gia ya nne, hakikisheni kijiti chenye kirungu chekundu, cha kuchagua gia kubwa au ndogo, hakiko nyutro, kisha vuteni handibreki, ambayo katika gari hili hushika shafti iliyo nyuma ya giaboksi badala ya kushika magurudumu. Mmoja azungushe injini polepole kwa hendeli ya mbele huku mwingine akiisukuma kwa mikono tu. Hendeli ikizunguka bila kizuizi, meno ya shafti ya giaboksi hayajaingia katika meno ya klachi pleti. Endeleeni kuzungusha na kusukuma, kwa kuwa mara nyingi yakikutana injini huteleza ndani yenyewe. Hendeli ikikaza, meno yamekwisha kuingia, na inayogoma ni ncha ya shafti, ambayo inagonga ukingo wa bushi, ile pete ndogo iliyo katikati ya krenki shafti, mhimili mkuu wa injini.

Hapo tazameni ile nafasi. Ikiwa ni pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, injini na giaboksi haviko katika mstari mmoja, jambo la kawaida sana, kwa sababu giaboksi iliyoondolewa injini huinamisha pua. Wekeni jeki chini ya belihauzi, pamoja na kipande cha ubao, mpandishe kidogo kidogo huku mkilegeza au kuvuta cheni, mpaka nafasi ilingane pande zote. Nafasi hiyo ninaipima kwa kupitisha kipande kimoja cha ubao mwembamba juu, chini na pembeni; macho hudanganya mtu aliyechoka.

Hukueleza klachi pleti iliwekwa katikati kwa kutumia kitu gani. Ikiwa ilikadiriwa kwa macho, huenda mtalazimika kuitoa tena injini, kulegeza bolti za presha pleti mpaka klachi pleti isogee kwa kusukumwa na kidole, na kuilenga kwa shafti kuukuu ya giaboksi ya aina hiyohiyo, au kwa mti mnyoofu uliozungushiwa utepe mpaka ukajaa kwenye kitovu na ncha yake ikaenea kwenye bushi, ndipo mkaze bolti kwa zamu, kwa kukingamisha. Hapohapo hakikisheni upande wa kitovu uliochomoza unaelekea giaboksi. Meno yapakeni grisi nyembamba tu, kwa sababu inayozidi hurushwa kwenye bitana, zile nyuso za klachi pleti zinazoshika, na klachi mpya ikaanza kuteleza kama ile ya zamani.

Nyuso mbili zikishagusana, kazeni nati. Kabla ya kurudisha rejeta, acheni gia ya nne na handibreki kama zilivyo: pedali ya klachi ikikanyagwa hendeli izunguke, ikiachiwa ikaze.