Mbona hamkuuliza mama alikwenda wapi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni: "Je, ni lazima familia isafiri mbali ndipo watoto wafurahie likizo?" Si lazima. Hilo nalijibu hapa mwanzoni na sitalirudia sana, maana mtu wa Lamu hahitaji kuambiwa kuwa bahari iko mlangoni pake. Lililonishika mimi ni neno "watoto". Kila Desemba twaulizana watoto wamepelekwa wapi, wamekula nini, wameshonewa nini. Na mama yao, je, alikwenda wapi? Hilo haliulizwi, na mimi nimechoka kutoulizwa.

Nina miaka 27. Naishi mtaa wa Langoni na nina watoto wawili, binti wa miaka sita na mvulana wa miaka miwili na nusu. Mume wangu ni mvuvi, na kaskazi ikianza huwa baharini siku nyingi kuliko nyumbani. Tangu nijifungue huyu wa pili, kutoka kwangu kulikuwa ni sokoni, zahanati, arusini na matangani. Hata arusini nilikwenda na mtoto mgongoni, nikarudi na mtoto mgongoni na sinia mkononi. Basi shule zilipofungwa nikaweka nia kwamba mwezi huu ni wangu. Natembea mimi, na watoto watanifuata niendako.

Tukaanza hapa hapa karibu, Ngomeni. Miaka mingi napita pale Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, nikienda sokoni, na tangu niolewe sikuwahi kuingia ndani. Ngome ile ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Leo ndani mna maktaba. Binti yangu alitaka kuonyeshwa wafungwa walilala wapi, akakataa kutoka mpaka apande juu aone mapaa ya mji mzima. Tuliporudi nyumbani mavyaa wangu, mama wa mume wangu, akatuambia kwamba alipokuwa msichana, akipita mbele ya lango lile alikuwa akifunika uso na kuongeza mwendo. Nimekaa naye miaka saba nyumba moja, na hilo sikuwa nimelisikia.

Kisha tukaenda Shela kwa miguu, kando ya bahari, maji yakiwa yamepwa. Ni kama kilomita tatu, na mwenye mtoto mgongoni huzihisi zote. Watoto waliteleza kwenye vilima vya mchanga mpaka nguo zikabadilika rangi. Mimi nilikaa miguu ikiwa majini kuanzia alasiri mpaka jua lilipokuwa jekundu, na nasema kweli, sikumbuki mara ya mwisho nilikaa muda ule wote bila kuwa na kitu mkononi. Siku nyingine tukaenda Matondoni kwa punda, watoto wakawatazama mafundi wakipigilia mashua, nami nikakaa na kina mama wanaosuka mikeka. Jioni nyingine hatukwenda popote, tulikula viazi karai na mishikaki pwani, tukatazama boti za Mokowe zikifunga gati. Hayo yote hayakufika hata bei ya nauli ya basi la Mombasa.

Maneno hayakukosa. Jirani mmoja aliniuliza mbona siku hizi sikai nyumbani, kwani nyumba ina siafu? Nilimjibu kwa heshima, lakini iliniuma, kwa sababu mume wake hukaa barazani kila siku kuanzia alasiri mpaka isha na hajaulizwa kuhusu siafu.

Sasa niwaambie habari ya Takwa.

Tulikuwa wanawake watano tuliokuwa tukicheza mchezo wa pesa pamoja, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikawaomba kila mmoja atoe shilingi 600 zaidi tukodi mashua yenye mashine twende Takwa, kule kisiwa cha Manda, na watoto wetu. Mavyaa alisema naye atakuja. Sitaficha kwamba sikupenda. Nilikuwa nimejipangia siku ya kucheka na wenzangu, na kucheka mbele ya mavyaa kuna kipimo chake.

Aendaye Takwa huenda kwa maji, si kwa saa. Chombo huingia kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mkono ule hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Siku ile mwezi ulikuwa wa siku kumi, maji yalikuwa yajae adhuhuri. Nahodha wetu, kijana mwenye adabu sana, alituambia tangu gatini: saa saba na nusu kila mtu awe ndani ya chombo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitikia kwa niaba ya wote.

Takwa ni pazuri, jamani. Ni mji mzima ulioachwa katika karne ya 17. Kuta zipo, msikiti upo na nguzo yake juu ya kibla, kaburi la mnara lipo, na mibuyu imesimama katikati ya nyumba kama wenyewe. Watu wa Shela husema wazee wao walitoka pale, na wamekuwa wakirudi kuomba mvua kwenye lile kaburi. Mavyaa alisimama hapo muda mrefu akisoma dua. Sisi tukatandika mkeka chini ya mbuyu, tukafungua sufuria ya pilau iliyofungwa kwa leso, na kachumbari, na maembe, maana ni msimu wake. Kisha tukavuka kwa miguu upande wa pili, kwenye bahari kuu. Huko hapakuwa na mtu. Nikavua viatu nikaingia majini na buibui langu, nikakimbizana na binti yangu kama mtoto mwenzake. Rafiki yangu alikuja kuniambia saa imefika. Nikamwambia tukae kidogo. Akaja tena. Nikamwambia kidogo tu.

Tulipofika chomboni ilikuwa imeshapita saa nane na nusu. Nahodha hakusema neno, aliwasha mashine tukaondoka, lakini kabla ya kumaliza mikoko mashua ikanasa. Akazima mashine, akashika upondo, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Wapi. Maji yaliondoka mbele ya macho yetu, matope yakatokea, chombo kikalala ubavu. Tulikuwa tumepwelewa, wanawake sita na watoto tisa, na saa tisa haijafika vizuri.

Nilimpigia mume wangu simu nikilia. Akaniuliza kama kuna aliyeumia, nikasema hapana. Akaniuliza maji ya kunywa yapo, nikasema kidogo. Akasema hakuna chombo kitakachoweza kuwafikia hapo sasa, msishuke kwenye matope, subirini maji. Nilitaka anigombeze, pengine ningepata nafuu. Hakunigombeza.

Saa za kwanza zilikuwa nzito. Mvulana wangu alilia mpaka akalala. Wenzangu walikuwa wema, lakini nilijua kila mmoja anawaza kile "kidogo tu" changu. Mavyaa ndiye aliyeshika usukani. Maji ya kunywa aliyaweka chini ya miguu yake akayagawa kwa kifuniko cha chupa, watoto kwanza. Akawaonyesha kaa waliokuwa wakipanda mizizi ya mikoko, akawaambia wawahesabu, na kila wakigombana idadi akawaanzisha upya. Jua lilipozama mbu wakaja, akatufunika wote kwa leso, watatu watatu. Magharibi tuliisali pale pale, tumekaa, chombo kimelala upande.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, ni mimi." Akanijibu kwa Kiamu chake, "Mai yatakuya, mwanangu."

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii. Ana miaka zaidi ya 60. Amezaliwa kisiwani, baba yake nahodha, mume wake nahodha, mwanawe mvuvi. Amepanda vyombo kwenda Faza kuzika, kwenda Siyu kuoza, kwenda Mokowe akipelekwa hospitali. Lakini chombo cha kwenda kufurahi tu, kula na kurudi, alisema hii ni mara yake ya kwanza. Na alisema huku amempakata mjukuu wake ndani ya mashua iliyokwama, gizani, bila hata kulalamika kwamba mara yake ya kwanza imekuwa hivi. Alisema siku hii ni njema.

Mwezi ulikuwa tayari uko juu, mikoko yote ilionekana. Baada ya saa mbili usiku tukayasikia maji chini ya mbao kabla ya kuyaona. Mashua ikainuka polepole, ikasimama wima, na watoto waliokuwa macho wakapiga kelele kama siku ya Idi. Tulifika gatini saa nne kasoro. Wanaume walikuwa wamejaa pale na tochi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba mama kijana ahitaji siku yake peke yake, bila watoto, bila mavyaa, na asiombe radhi kwa mtu. Bado nasema ni haki yake. Lakini mwezi wangu wote ule, siku niliyoifurahia kuliko zote ni ile ambayo sikuwa peke yangu hata dakika moja, tena na mtu ambaye sikutaka aje. Na nimewaambia hapo juu kwamba raha haitaki pesa, nanyi mnaona kwamba siku yenyewe ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko zote. Shilingi 600 ni samaki wa siku mbili nyumbani kwangu. Siwezi kumwambia mwanamke ambaye hana hiyo aende Takwa. Na mwenye mtoto mchanga asiende kabisa, jua la kaskazi halina huruma, na pale katikati ya mikoko hakuna wa kukuletea maji. Atakayekwenda, nahodha akitaja saa, hiyo ndiyo saa. Si kidogo tu.

Mimi na mavyaa sasa tunaongea mambo ambayo hatukuwa tukiongea. Nilipomsomea barua hii aliniambia niondoe habari ya kulia kwenye simu, nikakataa.

Ile alasiri yangu ya peke yangu bado sijaipata. Amesema Jumamosi atanishikia watoto baada ya chakula cha mchana. Nimeshamuuliza mume wangu maji yatakuwaje saa hizo, akasema yatakuwa yamepwa. Nitakwenda Shela kwa miguu.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu