Faili 47 kwa folda moja: maswali yenu ya R, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua data

Niko na faili 47 za CSV (jedwali la maandishi, koma kati ya kolamu), kila kaunti yake, na nimekuwa nikiandika read.csv, amri ya kusoma faili, moja moja. Hakuna njia fupi? (Kasarani)

Aki pole, vidole vimeteseka bure. Anza na list.files, inayoorodhesha faili, ipe jina la folda, pattern = "\\.csv$" na full.names = TRUE, na hiyo ya mwisho usiisahau, maana utaletewa majina matupu bila folda halafu R ikuambie haioni faili na wewe unaiona hapo kwa skrini. Hiyo orodha iite faili, kisha soma zote kwa data <- lapply(faili, read.csv), halafu do.call(rbind, data) iziunganishe kuwa jedwali moja, kwisha. Ile stori ya kuzunguka na for ukibandika faili moja moja achana nayo, kila raundi R inakopi jedwali lote upya. Kwa 47 ndogo hutasikia, zikifika elfu utaenda Gikomba urudi uipate bado inahema.

Nikiunganisha inalia ati majina hayalingani.

Kuna mtu aliita kolamu Bei na mwingine bei. Chapa lapply(data, names) utamwona. Wengi watakuambia hamia bind_rows ya dplyr, kifurushi cha ziada cha R, na ni kweli haitalia, itakutengenezea tu kolamu mbili, Bei na bei, kila moja imejaa NA (yaani hakuna data) upande mmoja, na haikuambii kitu. Mimi heri rbind inayogomba.

Namba ya kaunti ya Mombasa ilikuwa 001, sasa imekuwa 1. Sufuri zimeenda wapi?

Hii imenichoma mwenyewe! Namba za simu za chama chetu, zote 07 zikageuka 7, nikashangaa SMS haziendi. read.csv ikiona tarakimu tupu inadhani ni za hesabu. Andika lapply(faili, read.csv, colClasses = "character"), kila kitu kiingie kama maandishi, halafu zile za hesabu uzigeuze na as.numeric, ila toa koma kwanza, la sivyo 1,200 itakuwa NA. Na tafadhali usifungue CSV kwa Excel "kuangalia tu" halafu ubonyeze sevu, hapo sufuri zimeenda kwa faili yenyewe na R haina makosa.

Nitajuaje mstari umetoka faili gani?

Tumia read_csv ya readr, kifurushi kingine, kuanzia toleo la 2.0 la 2021 inameza orodha yote mara moja, ongeza id = "chanzo" na jina la faili linakaa kando ya kila mstari. Usitegemee mpangilio wa faili, kama ni za kila wiki, wiki10 inakuja kabla ya wiki2. Andikeni wiki02 jamani.