Naingia chumbani, nasahau nimefuata nini

SWALI: Daktari, nina miaka 61. Niliacha nyama, mayai na maziwa miaka minne iliyopita. Siku hizi naingia chumbani nabaki nimeduwaa mlangoni, mkono kwenye kitasa, sijui nimefuata nini. Rafiki yangu ananisukuma ninunue vidonge vya ginkgo, majani ya mti yanayosifiwa kwa kumbukumbu. Vitanifaa?

JIBU: Hela yako iache mfukoni. Ginkgo ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: haikuzuia maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Mimi kilichonishtua ni hiyo miaka minne. Mimea haitupi vitamini B12 ya kutosha, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa tu. Akiba ikiisha, kumbukumbu huyumba, vidole hufa ganzi. (Vyako vikoje? Hukusema.) Nenda kapime damu wiki hii, upungufu ukionekana, una tiba, ila usicheleweshe.

Mboga za majani usiache. Zina luteini, rangi ya manjano ya mimea, ambayo hujikusanya hata kwenye ubongo, lakini mwili huifyonza vizuri pakiwa na mafuta. Kwa hiyo ile tabia ya kuzichemsha kavukavu, hapana. Tia mafuta kijiko kimoja.