Barua kwa mwanangu: Mlango wa baraza la washairi

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama ulikosea kumkaribisha katika kikundi chenu cha ushairi kijana wa Bujumbura mwenye lafudhi ya Kirundi, pamoja na yule binti anayetunga bila vina, kisha ukazichora beti zao kwenye vitambaa na kuzitundika ukumbini bega kwa bega na tungo za wazee. Wazee wamekwambia kwamba ushairi ni mali ya pwani, na kwamba shairi halihitaji picha.

Hukukosea. La picha nalipita haraka, kwa sababu kanga ina jina na maua katika kitambaa kimoja, na sijapata kumsikia mzee yeyote akilalamika. La pwani ndilo linalohitaji maneno.

Kitabu ambacho wazee wenu hukishika wanapohukumu tungo za wengine ni kile cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, kinachoeleza sheria za kutunga mashairi. Mtunga sheria huyo alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lilelile linalopiga mawimbi Bujumbura alikotoka kijana wako. Mathias Mnyampala naye alikuwa Mgogo wa Dodoma na Mkristo, na aliichukua bahari ya utenzi, aina ya ushairi ambayo pwani iliizoea kwa visa vya Mtume na mawaidha ya dini, akaisimulia Injili kwayo. Ndiye pia aliyezieneza ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, ambayo baada ya Azimio la Arusha la 1967 yaliingia shuleni kote nchini. Kitabu chake cha ngonjera kilichapishwa 1970, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Watoto wa Tanga wameziigiza ngonjera hizo bila kuuliza mwenyewe alitoka wapi. Halafu mwaka 1976, miaka mitano baada ya Ahmad Nassir kutoa *Malenga wa Mvita*, yaani wa Mombasa, Mulokozi na Kahigi walitoa diwani yao wakaiita *Malenga wa Bara*, na kila nikilisoma jina hilo nasikia mtu akibisha hodi kwa sauti ya juu makusudi.

Kuhusu binti asiyetumia vina, hapo wazee wana hoja, ingawa wameisema vibaya. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliokasirika. Tuliziita tungo zile guni, yaani mashairi yenye kasoro ya vina au mizani, na tukaona yamekwisha. Baadaye niligundua kwamba aliyaacha mapigo ya mizani, yaani silabi, kumi na sita kwa mstari kwa kujua, akaweka mahali pake mapigo mengine. Basi muulize binti huyo ameweka nini mahali pa kina, na akikosa jibu mrudishe akatunge upya, kama ambavyo ungemrudisha mzee aliyepotewa na mizani. Ukimsifu kwa sababu tu ni mgeni, utakuwa umemfungia mlango kwa namna nyingine, maana atabaki kupigiwa makofi bila kusikilizwa. Ningekushauri uwaombe wazee haohao wawafundishe wageni tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, angalau kikao kimoja kwa mwezi, kwa kuwa mzee aliyeombwa kufundisha hukosa nafasi ya kununa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kukuambia. Zamani, kabla hujazaliwa, nilikuwa katibu wa baraza moja la washairi hapa mjini. Siku moja mwanamke alileta tarbia ya beti saba, safi kuliko zote tulizozisikia jioni ile, naye akaambiwa ampe kaka yake aisome. Kaka akaisoma, watu wakashangilia, nami katika daftari la baraza nikaandika jina la kaka. Hakuna aliyeniamuru, niliona ndivyo inavyofaa. Na haya tuliyafanya sisi tuliokuwa tukiusifu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mama wa Kiswahili mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na ambao baadhi yetu tuliujua kwa moyo.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kumtembelea yule mwanamke wa tarbia. Sasa ni bibi, anatembea kwa mkongojo, lakini beti zote saba anazikumbuka, na alinighania barazani kwake bila kusita. Nilimwomba radhi. Alicheka, akaniuliza kama daftari lile bado lipo. Lipo, nami nimeisahihisha ile safu ya jina kwa kalamu nyekundu. Amekubali tufuatane kuja huko Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwekee kiti cha mbele na umwachie nafasi kabla ya magharibi, kwa kuwa macho yake hayapendi taa. Kitambaa chake usikichore mpaka umsikie mwenyewe.

Ni mimi baba yako.