Usijipime kwa mwenzako: kwa wanaoanza zamu ya usiku

Wiki yangu ya kwanza ya zamu ya usiku, saa kumi na moja alfajiri, mwenzangu alikuwa bado anapiga soga. Mimi nilisoma namba ya tarakimu sita kwenye skrini, nikageukia daftari, na kabla kalamu haijagusa karatasi nimebaki na tatu. Nikarudi kusoma. Nikaisahau tena. Nikajiona mzembe.

Haukuwa uzembe. Ile kumbukumbu ya kushika mambo kichwani huku unayafanyia kazi ni finyu hata kwa aliyelala fofofo: hubeba vitu kama vinne hivi. Usingizi ukikosekana, inapungua zaidi, lakini si kwa watu wote sawasawa. Urithi una mkono wake. Kuna jeni (chembe ya urithi tunayopewa na wazazi) iitwayo PER3 yenye toleo fupi na toleo refu. Mwaka 2007 watafiti waliwafanya watu wakeshe, na waliorithi toleo refu kwa baba na kwa mama ndio walioyumba zaidi kiakili, hasa alfajiri, wakati ule ule namba zangu zilipokuwa zikinitoroka. Jeni moja haikuamulii maisha, lakini mwenzako anayecheka alfajiri si kipimo chako. Wapo pia wachache mno wanaotosheka na usingizi wa saa sita kwa kuzaliwa. Kila mgeni kazini hudhani yeye ni mmoja wao.

Linaloniogopesha zaidi ni kwamba mchovu hajijui. Katika jaribio la 2003, waliolala saa sita kila usiku kwa siku 14 walifikia kukosea kama mtu aliyekesha, na wao wakisema wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo ukiulizwa "uko sawa?", jibu lako halina uzito sana, hata ukilitoa kwa moyo mweupe.

Mimi sibebi tena namba kichwani. Naandika pale pale, kisha mwenzangu ananisomea kwa sauti nami nafuatisha kwa kidole. Hesabu ngumu namaliza kabla ya saa nane usiku. Kahawa nakunywa mwanzoni mwa zamu, maana nusu ya kafeini, kile kiamsho kilichomo, huwa bado mwilini hata baada ya muda wa saa tano hivi, na asubuhi nautaka usingizi wangu. Nikijikuta nasoma mstari uleule mara ya tatu, naacha kazi, namwambia msimamizi, najilaza dakika 20.