Jibu: Picha na vipuli, vyote vimekwama

Dada, umeuliza ufanyeje na picha za kuchora zisizokwisha na vipuli vya masikio visivyoanzwa, nawe u nyumbani kutwa. Mimi nisingevigawia siku, hii ya picha na hii ya vipuli. Rangi ya mafuta hukawia kukauka, na kwa unyevu wa Lamu ndiyo zaidi. Ukishapaka tabaka moja, geuza turubai ukutani ushike koleo na waya wa vipuli. Ukiiacha mbele yako utaichokonoa tu.

Na hiyo meza ya kulia unayofanyia vipuli, ihame! Kila chai ikiandaliwa wakusanya shanga, utaanza lini? Tafuta sinia, kila kitu kikae humo, na kipuli kimoja ukiache nusu, waya umeshapindwa, kesho mkono ujue pa kushika. Na ukitamani pete za fedha zenye vigae vya sahani za kale, hizo waachie masonara kwanza. Zile zataka moto wa kuunganishia fedha.